Matundu Matatu ya Juu

Juu ya kila benchi katika karakana yetu palibandikwa karatasi yenye kanuni moja: filimbi haijaisha mpaka ipulizwe na midomo mitatu. Wako, wa mwenzako wa benchi, na wa mtu mwingine yeyote. Mwalimu wetu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Milimita akiwa hayupo na Mwalimu akiwepo, alitueleza siku ya kwanza. "Kila mtu ana mdomo wake. Ukiipima filimbi kwa mdomo wako peke yako, umejitengenezea wewe. Na wewe hutainunua."

Niliielewa siku ile ile. Tatizo langu halijawahi kuwa kuelewa.

Nilikuwa na miaka sitini na minne. Fomu ya kujiunga na mafunzo ya kutengeneza filimbi na zumari haikuwa na kikomo cha umri, si kwa huruma ya mtu, ila hakuna aliyefikiria kwamba mzee atakuja kuijaza. Wanagenzi wenzangu walikuwa kumi na mmoja, mkubwa wao hajagusa ishirini na tano, na wakanipachika jina la Mstaafu. Nikawaambia sijawahi kukaa kazini muda wa kutosha kustaafu. Wakacheka, jina likaganda.

Na ni kweli tupu. Nimepika melini, nimebeba mizigo ghalani, nimewashikia mbao maseremala watatu, nimepiga filimbi kwenye bendi ya hoteli mpaka hoteli ikafungwa. Shule nilisoma kwa vipande: darasa la pili mji mmoja, la tano mji mwingine, la tatu na la nne sijui yalipita njia gani. Desimali nilijifunzia chuoni, kichwa kimejaa mvi.

Niliporudi mara ya mwisho, mwanangu alinipokea. Mwanangu ni wa kike, anafanya kazi ya udobi kwenye hospitali, kufua na kupiga pasi mashuka tangu asubuhi mpaka jioni, na hana muda wa maneno mengi. Alinipa chumba cha nyuma, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Baba, sikudai kitu. Hukuwepo nilipomaliza shule, hukuwepo nilipoolewa, hukuwepo nilipoachika. Yamepita. Ila maliza kitu kimoja, nikione kwa macho yangu. Kimoja tu."

"Nitamaliza, mama."

"Usiniite mama. Maliza."

Ndiyo maana nilikitaka kile cheti. Kazi sikuitarajia, nani ataniajiri na magoti haya? Nilitaka ile siku moja ya kumwambia nimemaliza, na iwe kweli.

Kozi ilikuwa ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza unakereza vishikio vya patasi na vizibo mpaka unaota vumbi. Mwaka wa pili unapewa kipande cha mpingo, mweusi, mzito kama chuma, unakitoboa tundu jembamba katikati toka ncha hadi ncha, halafu unakiweka rafuni. Hapo ndipo wazimu unapoanza, maana unakiacha miezi mitano. Mbao ikishatobolewa inasogea. Inajikunja, inajinyoosha, inakauka kwa ndani, na ukiiharakisha itakuja kupasuka mikononi mwa mtu. Kila Jumatatu unaipima uzito, unaandika kwa chaki, unairudisha. Mimi katika maisha yangu sijasubiri basi kwa zaidi ya saa mbili bila kupanda lingine, liwe linakwenda kokote. Nikasubiri miezi mitano. Nikaona nimekuwa mtu.

Baada ya hapo unalipanua tundu la katikati, unakereza umbo la nje, unatoboa tundu la mdomo, na mwisho unakuja kwenye matundu sita ya vidole. Haya ndiyo roho ya filimbi. Unayatoboa madogo makusudi, halafu unapuliza na kutazama mshale wa kipima sauti. Sauti ikiwa chini, unalipanua tundu kidogo kwa kisu chembamba, inapanda. Unaanza na tundu la chini kabisa, unapanda moja moja. Ukikata umekata. Mbao hairudi.

Matundu matatu ya chini niliyamaliza wiki mbili kabla ya mtihani, na yalikuwa mazuri. Si mimi ninayejisifu. Mama Milimita mwenyewe alipuliza, akatazama mshale, akasema "mh", na kwake hiyo ni hotuba nzima.

Jumapili ile jino likaanza.

Lilikuwa la chini, la pili kutoka mbele, upande wa kulia. Jumatatu mdomo ulikuwa umevimba kama nimeng'atwa na nyuki. Kwenda kung'oa kulihitaji siku nzima, na siku sikuwa nazo. Kanuni za chuo zilisema mwanafunzi akikosa siku zaidi ya kumi kwa mwaka hafanyi mtihani. Kumi zangu nilikuwa nimezila zote. Miezi michache nyuma nilipanda basi Ijumaa asubuhi kwenda tu kuuona mji wa jirani, nikarudi Alhamisi ya wiki ya tatu. Usiniulize nilifuata nini.

Basi nikaenda karakana na mdomo wangu vile vile. Nikafunga filimbi kwenye jiliwa, lile bano la chuma la benchi, nikatoboa tundu la nne, nikapuliza. Mshale ukalala chini. Nikapanua. Nikapuliza. Bado chini. Nikapanua tena. Kila nikipuliza maumivu yanapanda mpaka sikioni, kwa hiyo sikuanza na matundu ya chini kama tulivyofundishwa. Unatakiwa kila asubuhi uanze chini kabisa, upande, ndipo ujue leo mdomo wako na hewa ya leo vikoje. Nilijiambia yale matatu si yameshakamilika, niyasumbue ya nini?

Siku nne nilikwenda hivyo. Matundu matatu ya juu yakakaa kwenye mshale sawasawa. Alhamisi mchana nikampa filimbi mwenzangu wa benchi.

Mwenzangu wa benchi alikuwa binti wa miaka ishirini, mwembamba, hana utani na kazi. Tulimwita Sindano, si kwa wembamba wake, ila kwa sababu sikio lake lilitangulia mshale wa mashine. Mashine ikifikiria, yeye ameshakunja uso.

Akapuliza kutoka chini. Moja, mbili, tatu, akatikisa kichwa kuridhika. Nne, akakunja uso. Tano. Sita, akaishusha filimbi.

"Babu, hizi tatu za juu zimepanda."

"Zimepanda wapi? Mshale umekaa katikati tangu asubuhi."

"Kwako. Kwangu zimepanda. Sana."

"Wewe unapuliza kama unapoza chai."

"Sawa. Nipulize kama naomba msamaha?" Akapuliza tena, polepole. "Bado zimepanda. Tatu za chini ziko sawa kwa pumzi hiyo hiyo. Niandike?"

Kila mtu alikuwa na daftari la kazi, na kila mdomo unaandika humo ulichosikia. Jamaa wa benchi la nyuma, Injinia, aliyeitwa hivyo kwa kalamu nne alizochomeka mfukoni, akaona raha.

"Mstaafu, usibishane na Sindano. Itakuchoma."

Wakacheka. Jino likapiga kama nyundo. Na mimi, mtu mzima niliyezunguka nchi za watu, nikaona watoto hawa wananifanya kituko.

"Usiandike," nikamwambia. "Nimepiga filimbi kabla mama yako hajazaliwa."

Alinitazama, nadhani aliuona mdomo wangu, nadhani alitaka kusema. Kisha akafunga daftari. "Sawa, Babu. Ni filimbi yako."

Nikaandika mwenyewe: Imepulizwa. Imekubali. Mdomo wa tatu sikuutafuta kabisa. Nikachora saini isiyosomeka.

Ijumaa mwanangu alinikuta jikoni nimeegemea friji kwa shavu, nikipata ubaridi. Akanigeuza uso kwa kidevu kama anavyokagua doa kwenye shuka.

"Hii ina siku ngapi?"

"Juzi tu."

"Baba."

"Wiki."

"Na unakwenda chuo hivi? Unapuliza hivi?"

"Siku zimeisha. Nikikosa moja wananifuta."

Akaomba ruhusa kazini kwake, akanishika mkono kama mtoto, tukapita kwanza chuoni. Mama Milimita alikuwa anakagua tupa mlangoni. Mwanangu akamweleza, na mwalimu akanishangaa.

"Mzee wangu, ugonjwa hauhesabiwi. Ukileta karatasi ya daktari, siku haikatwi. Iko ukurasa wa pili wa kanuni."

Ukurasa wa pili. Mimi nilisoma wa kwanza, nikaona nimeshaelewa.

Jino likang'olewa. Nikalala siku mbili. Jumatatu nikapaka tundu la katikati mafuta, kama inavyotakiwa filimbi ikishaisha, mbao inywe isije ikapasuka. Mtihani ulikuwa Ijumaa. Jumatano asubuhi uvimbe wote umekwisha, mdomo mwepesi, nikaishika filimbi niipulize kwa raha, kutoka chini kabisa hadi juu.

Moja, mbili, tatu, safi. Nne, mshale ukaruka kulia. Tano. Sita ndiyo ilikuwa kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Nilikaa. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Mdomo uliovimba ulikuwa unaziba nusu ya tundu la kupulizia. Ukiliziba, sauti zote zinashuka. Na mimi nilikuwa nakata mbao nzuri, siku nne nzima, kurekebisha jino langu. Kama ningepuliza yale matatu ya chini siku moja tu, yangekuwa yameshuka pia na ningejua. Kama ningemwacha binti aandike. Nilitamani kumpiga mtu, na mtu wa kupigwa alikuwa mmoja tu.

Injinia akaja, akapuliza, akarudisha. "Tia nta, Mstaafu. Nta na vumbi la mpingo. Unapaka pembeni ya tundu kwa ndani, linakuwa dogo, sauti inashuka. Hakuna jicho litakaloona."

"Karatasi ya mtihani inasema hakuna nta wala gundi."

"Inasema pia midomo mitatu." Akaondoka zake.

Nilitazama rafuni. Hata ningekuwa na kipande kingine, kinataka miezi mitano. Nilimfikiria mwanangu, ambaye alishaniambia Ijumaa atabadilishana zamu na mwenzake aje akae kwenye ukumbi wa nje. Alipiga pasi shati langu siku mbili kabla. Basi Alhamisi jioni, wenzangu wakifagia, niliyeyusha nta, nikachanganya vumbi, nikapaka tundu la nne, la tano na la sita kwa ncha ya kijiti. Mshale ukakaa katikati. Ilipendeza. Hata mimi nikijua, nilikuwa siioni.

Mtahini alikuwa mama wa makamo aliyetoka nje ya chuo, miwani kwenye kamba, sauti ya chini. Meza yake ilitandikwa karatasi nyeupe. Akapima kwa kalipa, akaandika. Akachungulia tundu la katikati kwa kuelekeza dirishani, akaandika. Akafungua daftari langu, akasoma taratibu, kidole kikapumzika kwenye ile saini.

"Mdomo wa tatu ni wa nani huu?"

"Wa... jamaa mmoja wa karakana nyingine."

"Mh." Hiyo "mh" haikuwa ya aina ya Mama Milimita.

Akapuliza. Kutoka chini hadi juu na kurudi, mshale umetulia, mpaka nikaanza kupumua. Kisha akapiga kipande cha wimbo, vidole vinaruka, pumzi inapanda. Kwenye sauti ya juu kabisa kitu kikadondoka. Kikapiga karatasi nyeupe, tik. Cheusi, kidogo kama mbegu ya ufuta. Akaendelea kupiga. Cha pili kikadondoka, na sauti ikapanda pale pale kama imechomwa.

Mafuta. Nilipaka mafuta Jumatatu na nta Alhamisi. Mbao iliyokunywa mafuta haishiki nta. Mwanafunzi wa mwezi wa pili anajua hilo. Nilijua. Nilifundishwa benchi lile lile.

Mtahini akaweka filimbi chini, akaokota kile kipande kwa ukucha.

"Hiki nini, Mzee?"

Nilikuwa na uongo mkononi, tayari. Vumbi. Uchafu wa sanduku. Nikauchoka kabla sijautoa.

"Nta."

"Kwa nini?"

Nikamweleza yote, jino, mdomo, matundu ya chini niliyoyaruka, binti niliyemnyamazisha. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akavua miwani.

"Unajua kinachoniudhi? Kazi ya mashine ni nzuri. Tundu la katikati limenyooka kuliko yote niliyoyaona leo. Matundu matatu yaliyopanda ni alama thelathini. Ungemwacha mwenzako aandike 'yamepanda', na wewe ukaandika sababu kama ulivyonieleza sasa hivi, ningekukata thelathini. Ungepata sitini na kitu. Kufaulu ni hamsini."

"Ningefaulu nayo imeharibika?"

"Ungefaulu kama fundi aliyekosea akajua amekosea wapi. Hao ndio tunaowatafuta. Sasa nimekuta nta na saini ya mtu asiyekuwepo. Nikupe nini?"

Aliandika: Arudie. Mtihani ujao, miezi sita.

Mama Milimita alinisubiri ofisini kwake. Alikuwa ameshaambiwa. Hakunigombeza, na hilo lilinikera zaidi. Akafungua droo, akatoa karatasi nene yenye mhuri wa chuo na mstari wa dhahabu pembeni.

"Mzee wangu, chuo kinatoa hii pia. Cheti cha kuhudhuria. Miaka miwili umekuja, unastahili. Wengine wa umri wako wangeridhika. Unakiweka ukutani, familia inafurahi."

Nilikishika. Kilikuwa kizuri, Mungu anisamehe. Ukikitazama kwa mbali ni cheti. Nikamwona mwanangu akikisoma, nikamwona akitabasamu, nikaliona pia basi la kuondokea, maana Jumatatu ningekuwa huru.

"Mwalimu, lile jiliwa la benchi langu lina miaka mingapi humu?"

"Thelathini na kitu. Kwa nini?"

"Na halijakosa hata siku moja. Mlilipatia hii?"

Akazuia kicheko, kikamtoka puani. Nikamrudishia karatasi yake. Nisieleweke vibaya, sikuwa shujaa wa kitu. Nilikuwa nimekasirika tu, na hasira ilihitaji pa kwenda.

Mwanangu alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbi, mkoba mapajani, viatu vya kutokea. Akasimama aliponiona, akasoma uso wangu, akaketi tena.

"Sema."

"Nimefeli. Natakiwa nirudie."

"Kwa sababu gani?"

"Niliidanganya ile filimbi. Halafu nikamdanganya mtahini. Halafu nikadondosha nta mezani kwake."

Alifungua mkoba, akaufunga. Wazazi wengine walikuwa wanapiga picha na watoto wao, Sindano katikati yao na cheti, anajaribu kutabasamu na hajui inavyofanywa.

"Kwa hiyo unaondoka lini?" mwanangu akauliza. Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua mashuka ya kile chumba ayatoe siku gani, na hapo ndipo nilipoumia kuliko kwa jino.

"Siondoki."

"Miezi sita, Baba. Wewe?"

"Mtihani ni miezi sita, mbao inataka mitano. Nikianza Jumatatu nimepoteza siku tatu. Nataka nitoboe leo."

"Leo? Na hilo shati?"

"Na hili hili. Twende."

Sikungoja aseme ndiyo. Nilirudi karakana, naye akanifuata, visigino vinagonga sakafu nyuma yangu. Mama Milimita alikuwa anafunga madirisha. Nikamwambia ninachotaka, akatazama saa, akapumua, akafungua kabati la mpingo. Nilichagua kipande, nikakigonga, nikakirudisha, nikachukua kingine. Kabla ya kuwasha mashine nilimfuata Sindano ukumbini, katikati ya ndugu zake.

"Binti, ulisikia sawasawa siku ile. Yalikuwa yamepanda."

"Najua, Babu."

"Najua unajua. Nakwambia ili na mimi niwe nimesema."

"Haya," akasema. Ndugu zake wakatutazama kama tunaongea kilugha.

Nikarudi, nikafunga kipande kwenye mashine ya kukereza, nikavaa miwani ya kinga, nikakunja mikono ya shati. Keekee ndefu inaingia polepole, unaitoa kila baada ya upana wa kidole, unafuta vumbi, unairudisha. Ukiikimbiza inapinda. Mwanangu alisimama karibu na rafu, mkoba amekumbatia, vumbi jeusi linamtulia kwenye viatu vya kutokea. Nusu kutoka ncha hii, nikageuza, nusu kutoka ncha ile. Matundu mawili yakakutana katikati bila kupishana. Nikakipima, nikaandika uzito na tarehe kwa chaki, nikakiweka rafuni.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa hakuna. Kinasubiri."

"Kinasubiri nini?"

"Kiache kusogea. Kikishatobolewa hakitulii, kinahangaika mpaka kichoke chenyewe. Huwezi kukilazimisha."

Alikitazama kile kipande, akanitazama mimi, toka mvi hadi viatu, akarudi kukitazama.

"Basi mmekutana," akasema.

Mama Milimita alicheka mpaka akashika dirisha. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado na hasira, shati limeharibika, na mbele yangu kulikuwa na Jumatatu ishirini na mbili za kupima uzito na kuandika kwa chaki. Nikachukua ufagio nikaanza kufagia vumbi langu.